Sainasi Isiyosikia Dawa: Kuvu za Puani, Aina Zake na Namna Zinavyotambuliwa

Masika ikishika, kila mkaazi wa Mji wa Kale hujua kazi inayomngoja. Kanzu iliyotundikwa kabatini hutoka na madoa ya kawa, viatu vya ngozi huota ukungu, na kuta za nyumba zilizo nyuma ya Ngome ya Yesu huvimba rangi na kubambuka. Ukungu huo huo tunaoufuta kwa kitambaa huelea pia hewani, na kila mmoja wetu huuvuta kwa pua mchana na usiku. Kwa watu wengi haufanyi lolote. Kwa wachache huingia kwenye sainasi ukakaa, na kuanzia hapo ugonjwa unaoitwa "mafua tu" au "kipandauso tu" huwa jambo jingine kabisa.

Makala haya yaeleza maradhi ya kuvu, au fangasi kama wengi wanavyozijua, katika sainasi: ni ya aina ngapi, ni nani aliye hatarini, na zaidi ya yote, daktari huyatambua vipi. Utambuzi ndio mzizi wa jambo hili, kwa sababu dawa inayomponya mgonjwa mmoja yaweza kumwangamiza mwingine mwenye dalili zinazofanana na zake.

Sainasi ni nini

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, vinavyofunguka puani kwa vijitundu vyembamba. Vimegawika makundi manne: vya mashavuni, vya kwenye paji la uso, vya baina ya macho, na vya nyuma kabisa vilivyo chini ya ubongo. Ndani yake mna utando laini unaotoa ute, na ute huo husukumwa kutoka nje pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa. Kijitundu kikiziba, ute hukwama, na hapo maradhi hupata makao.

La kuangaliwa ni ujirani wa vyumba hivi. Mfupa unaotenga sainasi za katikati na jicho ni mwembamba mno hata jina lake la Kilatini latokana na neno lenye maana ya karatasi. Juu ya sainasi za nyuma pana ubongo, na pembeni mwake hupita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu ya macho. Ndiyo maana ugonjwa ulioanza kwa pua kuziba waweza kumalizikia kwenye upofu.

Kuvu hizi zatoka wapi

Kuvu si bakteria wala si virusi. Ni viumbe vya jamii moja na uyoga, hamira na ukungu wa mkate. Huzaana kwa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, na mbegu hizo zimejaa kwenye udongo, mbolea, nafaka, majani yaliyooza, magodoro yaliyoloa na kuta zenye unyevu.

Zinazohusika zaidi na sainasi ni jamii mbili. Ya kwanza ni Aspergillus, hasa Aspergillus fumigatus na Aspergillus flavus. Huyu wa pili Wakenya tunamjua kwa sura nyingine: ndiye anayetoa sumu ya aflatoksini kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Mwaka 2004 mahindi ya aina hiyo yaliugua watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya za jirani, na 125 kati yao wakafa. Pale sumu iliingia kwa kuliwa. Kwenye sainasi ni mbegu ya kuvu yenyewe inayoingia kwa kuvutwa puani. Njia ni mbili tofauti, na mtu hapati ugonjwa wa sainasi kwa kula ugali.

Jamii ya pili ni kuvu za kundi la Mucorales, zinazoleta ugonjwa wa mukoromaikosisi. Hizi hukua kwa haraka sana na hupenda damu yenye sukari nyingi. Mwaka 2021, wakati wa wimbi kubwa la Korona nchini India, ugonjwa huu ulivuma duniani kwa jina la "kuvu nyeusi", na serikali ya nchi hiyo ikahesabu wagonjwa zaidi ya 40,000 katika miezi michache. Wengi wao walikuwa na kisukari na walikuwa wametumia dawa za stiroidi. Kuvu yenyewe si nyeusi. Weusi unaoonekana ni nyama iliyokufa baada ya kuvu kuziba mishipa ya damu.

Aina tano, na kwa nini ni lazima zitofautishwe

Madaktari huyagawa maradhi haya mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni ambapo kuvu imekaa ndani ya chumba cha sainasi bila kuingia kwenye nyama ya mwili. Fungu la pili ni ambapo kuvu imetoboa utando na kuingia kwenye nyama, mfupa au mishipa. Mstari huo ndio unaoamua dharura na dawa.

1. Ukungu wa juu juu. Kuvu huota juu ya kamasi zilizokauka, mara nyingi kwa mtu aliyewahi kupasuliwa pua. Husafishwa, na kwa kawaida mambo huishia hapo.

2. Donge la kuvu. Kuvu hujikusanya ikawa donge ndani ya sainasi moja, mara nyingi ya shavuni. Huonekana zaidi kwa watu wazima, wanawake kuliko wanaume, na wakati mwingine kwa mtu aliyetibiwa mzizi wa jino la juu. Mgonjwa hulalamika uzito wa upande mmoja wa uso, harufu mbaya puani, au kamasi zinazoteremka kooni. Kinga yake ya mwili iko sawa.

3. Sainasi ya mzio wa kuvu. Hapa shida si kuvu yenyewe bali hasira ya mwili dhidi yake. Huwapata zaidi vijana, wengi wao wakiwa na pumu au mzio mwingine. Pua huota vinyama, na sainasi hujaa ute mzito wa kahawia au kijani, mgumu kama njugu karanga zilizosagwa. Ute huo ukizidi, husukuma mifupa taratibu hata jicho likaanza kutokeza. Wazazi wengine huliona jicho kabla hawajatilia maanani pua.

4. Uvamizi wa polepole. Kuvu huingia kwenye nyama kidogo kidogo, kwa miezi au miaka. Kuna namna moja ya uvamizi huu ambayo sisi wa Afrika Mashariki yatuhusu kwa ujirani. Mwaka 1969 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Sudan walichapisha taarifa ya wagonjwa 17 waliokuwa na uvimbe wa kuvu kwenye sainasi, na tangu hapo Sudan imekuwa mfano unaotajwa na vitabu vya tiba duniani. Kuvu inayopatikana kule kwa kawaida ni Aspergillus flavus. Wagonjwa wake mara nyingi hawana kisukari wala upungufu wa kinga. Hufika hospitali jicho limetokeza na shavu limevimba, uvimbe ni mgumu na hauumi sana, na kila anayeutazama hudhani ni saratani. Namna hiyo hiyo imeelezwa India, Pakistan na Saudi Arabia, nchi ambazo watu wetu huenda na kurudi kila mwaka.

5. Uvamizi wa kasi. Huu ndio unaoua. Huhesabiwa kwa siku, si kwa miezi. Huwapata watu ambao kinga yao imeanguka, na hata penye matibabu mazuri, takriban nusu ya wagonjwa hawaponi. Mukoromaikosisi ya puani huingia katika fungu hili.

Nani ajihadhari zaidi

Wa kwanza ni mwenye kisukari kisichodhibitiwa, hasa sukari ikipanda hata damu ikawa na asidi. Hapa pana tatizo letu sote. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza, karibu watu 9 kati ya 10 nchini Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Maana yake ni kwamba kwa baadhi ya watu, uvimbe wa jicho ndio utakaowajulisha kwamba wana kisukari.

Wengine ni wanaotibiwa saratani kwa dawa kali, hasa saratani ya damu. Waliopandikizwa figo au kiungo kingine. Wenye ugonjwa wa UKIMWI uliokwisha kushika mwili. Na wanaotumia stiroidi kwa muda mrefu. Kuhusu stiroidi lazima tuseme wazi. Vidonge vya prednisoloni hununuliwa madukani kama peremende, kwa ajili ya pumu, kuwashwa, maumivu ya magoti, au kunenepa. Dawa hii ina kazi yake na huokoa maisha mikononi mwa daktari. Ikitumiwa kiholela, hupandisha sukari na kuilaza kinga ya mwili kwa wakati mmoja, na kuvu haihitaji mlango mpana kuliko huo.

Dalili zisizongoja kesho

Pua kuziba, kichwa kuuma na kamasi ni dalili za mafua, mzio, sainasi ya bakteria na sainasi ya kuvu vile vile. Hazitoshi kutofautisha. Lakini zipo dalili ambazo, kwa mwenye kisukari au mwenye kinga dhaifu, humpeleka mgonjwa hospitali usiku huo huo:

- shavu au upande mmoja wa uso kufa ganzi, au maumivu makali yasiyolingana na kinachoonekana;
- ukope kuvimba au kuanguka, jicho kutokeza, kuona vitu viwili viwili, au kuona kufifia;
- doa jeusi au la kijivu ndani ya pua, kwenye kaakaa la mdomo au juu ya ngozi ya uso;
- kamasi zenye damu au nyeusi;
- meno ya juu kulegea ghafla bila kuumwa fizi;
- homa, kuchanganyikiwa au usingizi mzito pamoja na mojawapo ya hayo.

Kufa ganzi ni dalili ambayo watu huipuuza kwa sababu haiumi. Isipuuzwe. Uso unaoacha kuhisi huonyesha kwamba mshipa wa fahamu umefikiwa.

Kwa asiye na maradhi mengine, alama ya kutilia shaka ni hii: sainasi iliyodumu zaidi ya wiki 12, iliyotibiwa kwa dozi mbili tatu za antibayotiki bila nafuu ya kudumu, hasa ikiwa iko upande mmoja tu. Antibayotiki huua bakteria. Kwa kuvu ni kama maji juu ya jani la mgomba.

Utambuzi, hatua kwa hatua

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kusema ndiyo au la. Utambuzi hujengwa kwa vipande, na kila kipande kina nafasi yake.

Hatua ya kwanza ni maelezo ya mgonjwa. Daktari atauliza muda, upande, dawa zilizokwisha kutumika, maradhi mengine na kazi. Mgonjwa ataje kila kitu, pamoja na vidonge vya dukani na dawa za mitishamba. Papo hapo apimwe sukari. Ikiwa juu, na mkojo upimwe asidi itokanayo na kisukari. Hesabu ya chembe za damu na kipimo cha virusi vya UKIMWI hufuata. Vipimo hivi ni vya bei nafuu na hupatikana hata kwenye vituo vidogo.

Hatua ya pili ni kutazama ndani ya pua. Daktari wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba puani. Anatafuta vinyama, ute mzito, na rangi ya utando. Utando mzima ni wa waridi na hutoa damu ukiguswa. Utando uliopauka, usiohisi na usiotoa damu ni ishara kwamba damu haifiki. Uliokuwa mweusi umekwisha kufa. Kwa mgonjwa aliye hatarini, kutazama mara moja hakutoshi. Pua inayoonekana safi asubuhi yaweza kuwa na doa jioni, kwa hiyo hurudiwa.

Hatua ya tatu ni picha. Eksirei ya kawaida ya uso haisaidii sana. Picha ya CT ndiyo inayoonyesha mifupa: iwapo sainasi imejaa, iwapo ukuta umemomonyoka, na iwapo kuna chembe nyeupe kama chuma ndani ya kivuli, ambazo ni alama ya donge la kuvu. Katika sainasi ya mzio, picha huonyesha vivuli vya uzito tofauti katika chumba kimoja na kuta zilizopanuka. MRI huongezwa pale panapohofiwa jicho au ubongo kufikiwa. MRI ina mtego wake: ute mkavu wa kuvu waweza kuonekana mweusi kama hewa, na sainasi iliyojaa ikadhaniwa kuwa tupu. Kwa sababu hiyo picha mbili husomwa pamoja.

Lakini picha haitoi jina la ugonjwa. Katika siku za mwanzo za uvamizi wa kasi, CT huenda ikaonyesha uvimbe mdogo tu wa utando wa upande mmoja, usiotofautiana na mafua. Picha isiyotisha isimrudishe nyumbani mgonjwa wa kisukari ambaye uso wake umekufa ganzi.

Hatua ya nne, iliyo kubwa kuliko zote, ni kukata kipande kidogo cha nyama na kukipima. Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi, na huharibika kwa jambo dogo: chupa. Kipande kinachokwenda kutazamwa na mtaalamu wa patholojia huwekwa kwenye fomalini. Fomalini huhifadhi umbo la nyama lakini huua kuvu. Kipande kinachokwenda kuoteshwa maabara lazima kiwekwe kwenye maji safi ya chumvi ya hospitali, kisiwekwe kwenye fomalini kabisa. Nyama yote ikitumbukizwa kwenye chupa moja ya fomalini, nafasi ya kuijua kuvu kwa kuiotesha imepotea, na mgonjwa hatakatwa tena kwa urahisi. Chupa mbili, basi, kila mara.

Maabara hufanya kazi tatu. Ya kwanza ni ya haraka: kipande huwekwa tone la hidroksidi ya potasiamu, dawa inayoyeyusha chembe za mwili na kuiacha kuvu, kisha hutazamwa kwa hadubini. Jibu laweza kupatikana ndani ya saa moja au zaidi kidogo, na kifaa kinachohitajika ni hadubini ya kawaida. Aspergillus huonekana kama nyuzi nyembamba zenye vigawanyo, zinazopanda matawi kwa pembe kali ya nyuzi 45 hivi. Mucorales ni mipana, imekunjika kama utepe, vigawanyo ni haba, na matawi yake hutoka karibu pembe mraba. Tofauti hiyo peke yake yaweza kuamua dawa usiku huo.

Kazi ya pili ni patholojia. Nyama hukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi maalumu; mojawapo hutumia madini ya fedha, na kuvu ikajitokeza nyeusi. Mtaalamu hutafuta jibu la swali moja: je, kuvu iko nje ya nyama, kwenye ute, au imeingia ndani yake na kwenye mishipa ya damu? Hakuna kipimo kingine kinachojibu swali hilo kwa uhakika.

Kazi ya tatu ni kuotesha. Kipande huwekwa kwenye chakula cha kuvu na kungojwa, wakati mwingine hadi wiki nne. Faida yake ni kuitaja kuvu kwa jina na kujua dawa gani yaiweza. Mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, nyama inayodhaniwa kuwa na Mucorales isitwangwe, kwa kuwa nyuzi zake hupasuka na kufa. Hukatwa vipande tu. Pili, jibu la kuotesha lisisomwe peke yake. Kwa kuwa kila pua ina mbegu za kuvu, kuvu kuota si ushahidi wa ugonjwa. Na kuvu kutoota hakuthibitishi kwamba haipo. Jibu hili huwekwa pamoja na hadubini na picha.

Vipo pia vipimo vya damu vinavyotafuta alama za kuvu, lakini vile vinavyotumika zaidi havioni Mucorales. Kwa sainasi ya mzio, hupimwa kingamwili za mzio katika damu au kwa kuchomwa ngozi, na ute hutazamwa iwapo umejaa chembe za mzio.

Panapodhaniwa uvamizi wa kasi, matibabu hayangoji majibu yote. Shaka yenye msingi yatosha kuanza, na majibu yatakuja kurekebisha.

Maradhi yanayochanganywa nayo

Saratani ya sainasi, kifua kikuu cha pua, na uvimbe wa mishipa ya damu vyaweza kufanana na kuvu kwenye picha. Kuna wanaoanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa sababu patholojia imeonyesha vinundu, na vinundu vya aina hiyo hupatikana katika ugonjwa wa kuvu wa namna ya Sudan pia. Ikiwa ripoti inataja vinundu, ni haki ya mgonjwa kuuliza: "Je, ilitiwa rangi ya kutafuta kuvu?"

Matibabu kwa ufupi

Donge la kuvu hutolewa kwa upasuaji wa kamera kupitia puani, bila kuchana uso, na kwa kawaida mgonjwa hahitaji dawa ya kuvu baadaye. Sainasi ya mzio nayo husafishwa kwa upasuaji, kisha hufuatwa na stiroidi chini ya uangalizi na kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Ina tabia ya kurudi, kwa hiyo ahadi za kliniki zisikatwe. Uvamizi wa polepole huhitaji upasuaji pamoja na dawa za kuvu kwa miezi, kama itrakonazoli au vorikonazoli.

Uvamizi wa kasi huhitaji mambo matatu kwa pamoja: kukata nyama yote iliyokufa, dawa ya kuvu ya mshipani, na kurekebisha kilichoangusha kinga, yaani kushusha sukari au kupunguza stiroidi. Kwa Mucorales dawa ni amfoterisini B. Vorikonazoli, iliyo bora kwa Aspergillus, haiwezi kuzitibu Mucorales. Na stiroidi zinazomponya mwenye mzio zitamuua mwenye uvamizi. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza jina la ugonjwa lijulikane kabla ya kubahatisha.

Hapa Mombasa: pa kuanzia na ya kuuliza

Mgonjwa aanze kwenye zahanati au kituo cha afya, lakini asikae huko wiki baada ya wiki akibadilishiwa antibayotiki. Aombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani ndiyo ngazi ya juu ya umma katika ukanda wetu, na hospitali kubwa za binafsi kisiwani nazo hupokea wagonjwa wa aina hii. Kwa maabara ya kuvu, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ina wataalamu wake Nairobi. Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni ile ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Familia iulize mapema ni kiasi gani cha CT, upasuaji na dawa kitalipwa, kabla kitanda hakijaanza kuhesabu siku.

Maswali manne ya kumwuliza daktari bila kuona haya: Je, tatizo liko upande mmoja au pande zote mbili? Je, picha ya CT yaonyesha mfupa umeliwa? Je, nyama itapelekwa kwa chupa mbili? Je, hadubini ya haraka itafanywa leo?

Kwa upande wa serikali ya kaunti, ombi la wananchi si mashine mpya ya mamilioni. Kutazama kuvu kwa hadubini kwahitaji kemikali ya bei nafuu na mtaalamu wa maabara aliyefundishwa. Mwaka 2016 watafiti wakiwemo wa KEMRI walikadiria kwamba takriban asilimia 7 ya Wakenya wana maambukizi ya kuvu ya namna moja au nyingine, mengi yakiwa ya ngozi ya kichwa na ya ukeni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazopaswa kupewa kipaumbele. Aspergillus fumigatus imo katika daraja la juu kabisa, na Mucorales katika daraja linalofuata. Jambo hili si la pembeni tena.

Nyumba zetu, na dawa za nyumbani

Je, nyumba za Mji wa Kale zaleta ugonjwa huu? Jibu lataka uangalifu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilikubali kwamba unyevu na ukungu ndani ya nyumba huambatana na pumu na maradhi ya kifua. Kwa mwenye mzio, chumba chenye ukungu ni adui wa kila siku. Lakini mtu mwenye kinga nzima hapati uvamizi wa kasi kwa kulala katika nyumba ya zamani, na hakuna haja ya mtu kuihama nyumba ya wazee wake kwa hofu.

Kinachosaidia ni hewa na ukavu. Nyumba za matumbawe na chokaa zilijengwa zipumue: unyevu unaoingia ukutani hutoka kupitia chokaa. Ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukungu hushamiri upande wa chumbani. Anayekarabati na atumie chokaa, na aziulize kwanza ofisi za uhifadhi. Madirisha yafunguliwe jua likitoka, paa linalovuja lizibwe kabla ya masika, makabati yasibanwe na ukuta, na godoro lililoloa lisirudishwe kitandani kwa sababu limekauka juu tu. Mgonjwa wa kisukari au wa saratani asipewe kazi ya kukwangua ukuta wenye ukungu wala kupepeta nafaka iliyovunda.

Kujifukiza kwa mvuke huregeza kamasi, na hakuna ubaya kwa anayejichunga asiungue, ila hakuui kuvu. Mafuta ya habasoda na vinginevyo visidondoshwe puani kwa mtu mwenye dalili za hatari tulizozitaja, kwani kila siku inayopotea ni nyama inayokufa. Anayesafisha pua kwa maji ya chumvi atumie maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya kisima moja kwa moja.

Likibaki moja la kukumbukwa na mwenye mgonjwa nyumbani, liwe hili: mwenye kisukari ambaye uso umekufa ganzi au jicho limevimba upande mmoja apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na anayempeleka aseme mlangoni kwamba anahofia kuvu ya sainasi, ili daktari ajue cha kutafuta.